Mkeka, marekani na chaki: kuandaa baraza la sanaa kuhusu magereza, Bagamoyo

Ukipitisha bodaboda yenye spika kutangaza kwamba baraza lako la sanaa la Jumamosi, yaani mchoro, igizo na mazungumzo ya hadhara, ni "mjadala wa kufuta magereza", watu utawapata, lakini watakuja kulibishia neno lenyewe, na saa mbili zote zitaishia kwenye tangazo. Mama aliyevunjiwa banda lake la samaki juzi akisikia "kufuta magereza" anasikia "kuwaachia wezi". Hana kosa. Neno limetoka mbali, na historia yake halikuja nayo.

Huko Marekani, vuguvugu hili la kutaka magereza yasiwepo lilipata sura tunayoijua leo kwenye mkutano wa Critical Resistance uliofanyika Berkeley, California, Septemba 1998. Walichukua makusudi neno lile lile lililotumika dhidi ya utumwa karne ya 19, abolition, kwa sababu marekebisho ya 13 ya katiba yao, ya 1865, yalipiga marufuku utumwa isipokuwa pale unapokuwa adhabu ya mtu aliyetiwa hatiani. Upenyo huo mdogo ndio wanaougombania mpaka leo. Kwa Kiswahili utumwa hatusemi ulifutwa, tunasema ulikomeshwa, na kwa mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara, "kukomesha" ni neno lenye kumbukumbu. Tanganyika utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Mjerumani aliondoka bila kuupiga marufuku moja kwa moja. Hilo lieleze ndani ya baraza, watu wakishakaa. Kwenye bango weka swali tu: "Mwizi apelekwe wapi?" Hilo linawaita wote, aliyeibiwa na mwenye ndugu yake ndani.

(Na tafadhali, ufunguzi wa "bwaga moyo", ile asili ya jina Bagamoyo, tuupumzishe. Kila mgeni anayeshika kipaza sauti mji huu anaanzia hapo.)

Kuhusu mahali. Ngome Kongwe inavutia kwa sababu zilizo wazi: imejengwa miaka ya 1860 na Abdallah Marhabi, baadaye ikawa kambi ya askari, ikawa gereza, ikawa kituo cha polisi. Jengo moja, kazi zote hizo. Lakini baraza la kwanza lisifanyike hapo, wala kwenye lile jiwe la kumbukumbu ya wale walionyongwa na Wajerumani. Ukikaa hapo mazungumzo yanakuwa ya Mjerumani, na kuhusu Mjerumani sote tunakubaliana, habishi mtu. Anza kwenye kiwanja chenye kivuli karibu na soko la samaki, au kwenye uwanja wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, kama una wenyeji pale. Ngome iwe ya mara ya pili, watu wakishazoea kubishana bila kugombana.

Historia ya ukoloni ipe dakika kumi, na uitumie kufungulia mlango wa nyumba yetu wenyewe. "Hamsa ishirini" wazee wanaijua: viboko 25 vya Mjerumani. Ukishaitaja, taja na Sheria ya Adhabu za Chini ya 1963, yetu, miaka miwili baada ya Uhuru: viboko 24, 12 siku ya kuingia na 12 siku ya kutoka. Mwalimu mwenyewe alikuwa akiisimulia, na ile ya kwamba vya mwisho ni akamwonyeshe mkewe bado inachekesha watu wazima. Waache wacheke. Kisha mwendeshaji aulize, bila kupandisha sauti: wizi uliisha? Hapo ndipo mjadala unapoanza, na wala hujalitaja neno kubwa lolote.

Sasa sanaa yenyewe.

Kuta za Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo unapumua: unyevu unapanda kutoka ardhini na kutokea kwenye lipu. Ukiupaka rangi ya maji ya dukani, au mbaya zaidi rangi ya mafuta, unauziba pua. Chumvi inajikusanya nyuma ya rangi, na ikipita masika moja rangi inabanduka magamba magamba, ikiondoka na lipu. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda majengo haya, kwa hiyo hata msumari mmoja ni kesi. Usichore ukutani. Chora kwenye kitambaa.

Hili si jambo la kubahatisha. Mpango wa michoro ya ukutani wa Philadelphia, Mural Arts, ulifanya kazi hivyo kwa miaka mingi na wafungwa wa gereza la Graterford, lililofungwa 2018: mchoro mkubwa unakatwa vipande vya mraba vya futi 5, karibu mita moja na nusu, juu ya kitambaa chepesi kisichofumwa, wafungwa wanapaka rangi ndani, vipande vinatoka, vinabandikwa ukutani mjini. Mchoraji hatoki, mchoro unatoka. Kitambaa chao hicho huku huna haja nacho. Tumia marekani, ile pamba nyeupe isiyong'arishwa, ya duka lolote la vitambaa. Jina lake linatokana na vitambaa vya viwanda vya Massachusetts vilivyoletwa pwani hii na wafanyabiashara wa Salem karne ya 19, na si vibaya kulitaja mbele ya watu: hoja imetoka Marekani, imechorwa juu ya marekani.

Kwa kitambaa cha karibu mita 4.5 kwa 3 kabla ya mapindo, nunua mita 10 za kitambaa chenye upana wa mita 1.5. Loweka usiku mzima kwenye maji ya kawaida, fua, anika. Wengi wanaruka hatua hii, kisha wanalaumu rangi. Marekani mpya ina uwanga wa kiwandani, na rangi ikikaa juu ya uwanga haishiki kitambaa, inatoka kama ngozi ya nyoka. Tena pamba inajikunja: ukishona kwanza ukaipaka baadaye, mishono inavuta na picha inakunjamana nyuso zote. Baada ya kuanika, kata vipande vitatu vya mita 3, fundi cherehani aviunge kwa mshono wa kulaza, kisha akunje pindo la sentimita 12 juu na chini, liache njia ya kupitisha mti.

Kitandaze kwenye fremu ya mbao au kibane kwa kamba pande zote nne. Mkono wa kwanza ni gundi nyeupe ya mbao, kipimo kimoja kwa vitatu vya maji, inaziba vitundu. Ikikauka, rangi nyeupe ya maji mikono miwili, vipimo vitatu vya rangi kwa kimoja cha maji, na katikati ya mikono piga msasa namba 120 kidogo tu. Kopo la lita 4 linatosha kwa kubana. Wakati wa kaskazi kila mkono unakauka kwa saa chache. Masika subiri mpaka kesho yake, maana juu patakuwa pakavu na chini kubichi, na ukikunja tu vinagandana. Usipake nene kwa kudhani ndiyo imara. Rangi nene inapasuka ukiviringisha kitambaa.

Mita za mraba 12 hivi za kitambaa kilichopakwa rangi ni tanga la dau, na ukilitundika kukabili upepo wa kusi saa 10 jioni litaondoka na miti yake. Lielekeze ubavu kwa upepo, usilikingie kifua. Miti ya mikoko miwili, mmoja juu, mmoja chini, na mfuko wa mchanga wa kilo 5 kila ncha ya mti wa chini. Watu wanashauri kutoboa matundu ya kupitisha upepo. Matundu ndiyo yanayochanika kwanza. Mpe kazi ya kufunga kamba mvuvi yeyote aliyepo. Hana haja ya maelezo yako.

Nini kichorwe? Maoni yangu: kanga. Si picha ya nondo, si mikono iliyoshika chuma, si njiwa. Nondo zimechorwa mpaka hazionekani tena. Kanga kila mtu anaijua viungo vyake: pindo, mji na jina. Msanii achore pindo na mji kabla ya siku, na katikati, kwenye mji wa kanga, aweke kitu kimoja kutoka dunia ya mahabusu, kwa mfano karandinga limechorwa kwa kurudiwa kama lilivyo ua kwenye kanga, au kikapu cha chakula kwenye foleni. Nafasi ya jina aiache tupu. Jina linatungwa na watu siku ile ile. Swali ni hili: kanga hii ni ya mama ambaye mwanawe yuko mahabusu, imeandikwaje? Toa karatasi, penseli, na dakika kumi na tano. Kwa Waswahili hili halifundishwi. Mfano wa jina linaloweza kutoka: "Upelelezi haujakamilika, nami sijalala." Au: "Mwenye nacho alilala kwake." Msanii aliandike hapo hapo, kwa brashi bapa. Herufi ya sentimita 5 inasomeka vizuri kutoka mita 6, ya sentimita 10 kutoka mita 12. Chini ya hapo walio nyuma wataanza kuulizana kimeandikwa nini na utawapoteza.

Kile kifungu cha maneno, "upelelezi haujakamilika", kila aliyewahi kuhudhuria mahakama ya mwanzo au ya wilaya anakijua kwa moyo. Kesi inatajwa, wiki mbili, inatajwa tena. Ndiyo sababu baraza lianze na mahabusu kabla ya mfungwa. Mahabusu hajapatikana na hatia. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea mtu aliyeshtakiwa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Ukianzia hapo hata mkali wa ukumbi anakubali mguu wa kwanza, na ukipata mguu wa kwanza mengine yanajadilika.

Pembeni ya kitambaa, sakafuni, chora vipimo. Hii ndiyo sehemu ya bei nafuu kuliko zote na mara nyingi ndiyo inayokumbukwa. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inapendekeza nafasi ya mita za mraba 3.4 kwa kila mtu kwenye bweni la pamoja, na 5.4 kwa anayelala peke yake. Mita 2 kwa 1.7 ndiyo 3.4. Chora mistatili kumi iliyoshikana, mistari mitano kwa miwili: jumla mita 34 za mraba. Tandika mikeka kumi ndani. Kisha, watu wakishaizunguka, ongeza mikeka kumi mingine humo humo bila kusema neno. Mikeka inapandana. Watu wataanza wenyewe kuhesabu, huyu alale kichwa huku, yule miguu kule. Tumia chaki ndani ya jengo la kale na chokaa nje. Mkaa unaingia kwenye vinyweleo vya sakafu, hautoki.

Usiwaambie watu walale humo. Waandaaji wengi hupenda kufanya hivyo, wakidhani ndiyo sanaa shirikishi. Kwenye umati wa Bagamoyo wa watu sitini yupo aliyelala hivyo kwa kweli, na hakuja kuigizishwa maisha yake. Mkeka mtupu unasema vya kutosha.

Kwa walio na muda na shule yenye kiwanja, kuna wazo lingine la kuazima. Msanii jackie sumell wa New Orleans hutengeneza vitalu vya bustani vyenye ukubwa wa chumba cha kifungo cha upweke cha Marekani, futi 6 kwa 9, yaani takribani mita 1.8 kwa 2.7, na mfungwa aliye ndani anachagua kwa barua mimea ya kupandwa. Kingo za kitalu anazitengeneza kwa mchanganyiko wenye mazao ya utumwa: miwa, pamba, tumbaku, nili. Huku pwani ya kaskazini ungeweka mkonge, na Tanga wangekuelewa bila tafsiri.

Igizo nalo lina nafasi yake, na hapa tuna mtaji wetu. Wasomi wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya sanaa shirikishi vijijini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Malya huko Mwanza na Msoga hapa jirani, ngoma na igizo vikitumika kuchambua tatizo la kijiji. Njia ya Augusto Boal, mwongoza maigizo wa Brazil, ambaye naye alifungwa mwaka 1971, inaoana nayo vizuri. Igizo la dakika saba, lisizidi. Linaishia pabaya. Linarudiwa tangu mwanzo, na mtazamaji akipiga kofi waigizaji wanaganda. Anaingia yeye mahali pa mhusika anayedhulumiwa na kujaribu njia nyingine. Anayeonewa ndiye anayebadilishwa. Ukiruhusu watu wachukue nafasi ya askari au hakimu, kila mmoja atamfanya mwema ghafla, tatizo litaisha kwa miujiza, na mtakuwa hamjajifunza kitu.

Na sasa lile jambo ambalo hoja ya Marekani haikukuandaa nalo. Weka igizo la kijana aliyekamatwa na simu isiyo yake, na utaona kwa macho: mtazamaji wa kwanza atakayeingia jukwaani hataingia kumsaidia. Ataingia kumpiga. Ukumbi utashangilia. Kwa lugha ya magazeti, hao ndio "wananchi wenye hasira kali", na wote tunajua tairi na petroli vinafuata nini. Marekani mjadala unakwenda kati ya raia na dola: dola inafunga mno, raia anadai nafasi. Huku katikati yupo mtaa. Mtuhumiwa anayepigwa mtaani, polisi wakifika, lupango kwake ni wokovu. Mzungumzaji asiyelijua hili atasema mbele ya watu kwamba polisi na jela ndiyo chanzo cha ukatili wote, na mzee mmoja atasimama taratibu na kumuuliza: mwanangu, asingekuja askari, yule kijana wa pale kona angekuwa hai? Mjadala umekwisha hapo.

Kwa hiyo mwendeshaji asimzuie mtazamaji anayeingia kupiga. Agandishe jukwaa mkono ukiwa juu, amuulize: umeibiwa nini, lini, ulikwenda kituoni ikawaje? Jibu likitoka, na hutoka, ni kwamba alikwenda akaambiwa lete nauli ya askari, au mtuhumiwa alionekana mtaani siku ya tatu, au alifungwa na simu haikurudi. Hasira ya mtaani na msongamano wa gerezani vina mzizi mmoja: aliyedhulumiwa harudishiwi kitu. Mtaa unalipiza, mahakama inafunga, simu haipo. Hapo ndipo hoja ya kukomesha magereza inapopata miguu kwenye udongo huu, maana swali lake kubwa ni nani alipwe nini, na nani ahakikishe. Kama kuna sehemu moja ya baraza isiyofaa kukatwa kwa ajili ya muda, ni hii. Muda ukibana, kata ngoma ya kufungulia.

Kwa sababu hiyo hiyo, kati ya wazungumzaji watatu (watatu wanatosha, wa nne anakula muda wa watu) mmoja awe mtu aliyeibiwa au kuumizwa. Wa pili msaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wa tatu mtu aliyetoka ndani. Msanii hahitaji kiti. Yuko kwenye kitambaa chake. Aliyetoka ndani usimwombe asimulie kosa lake, na mwambie mapema, kabla ya siku, kwamba swali la "ulifanya nini" halitaruhusiwa. Aulizwe mambo anayoyajua kuliko wote ukumbini: siku ya kutoka alikuwa na nini mkononi, nani alimpokea, kazi ya kwanza aliipataje.

Watu wakishachemka, sheria inakuwa na utamu. Mpe msaidizi wa kisheria dakika ishirini na vitu vya kushikika. Adhabu ya "faini au jela": makosa yale yale, mwenye pesa mfukoni anatoka mchana ule ule, asiye nayo anapanda karandinga, kwa hiyo ndani ya gereza wamo watu ambao kosa lao la kuwafikisha pale ni kukosa faini. Dhamana: wadhamini wenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, kitu ambacho mgeni aliyekuja kuvua au kuchoma mkaa hana wa kumwandikia. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002: kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, mahakama inaweza kumpa mtu kazi ya jamii bila malipo badala ya kumfunga. Sheria hii ina zaidi ya miaka 20 na ukiuliza ukumbini nani ameisikia mikono ni michache. Marekebisho ya 2022 yanayozuia kufungua kesi mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2023. Hoja nyingi zinazoonekana za kigeni zimekwisha kujadiliwa Ikulu.

Mfano mzuri kuliko yote ni uzururaji. Kosa la uzembe na uzururaji ni la vitabu vya Mwingereza, lililotungwa ili mtu asiye na mwajiri asionekane mjini. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Mpe mtu mfano huu naye anaona kwamba kukomesha si kuvunja ukuta kwa nyundo siku moja. Ni kutoa kosa moja kwenye kitabu, na kundi zima la watu halina sababu tena ya kuwa ndani. Arusha, kwa njia, ina azimio la pili ambalo halisomwi shuleni: la Februari 1999, la wakuu wa magereza wa nchi za mashariki, kusini na kati ya Afrika, kuhusu uendeshaji mwema wa magereza. Limepitishwa na wenye funguo wenyewe.

Kama kuna wachoraji wa Tingatinga kwenye baraza, na Bagamoyo hawakosekani, waachie nafasi ya kumkumbuka Edward Saidi Tingatinga. Aliuawa kwa risasi ya polisi Dar es Salaam mwaka 1972, akidhaniwa mhalifu. Wauzaji wa picha zenye jina lake hawalitaji hilo kwa watalii.

Vibali havina utamu lakini ukikosea hapa hakuna baraza. Taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Mimi ningepeleka wiki nzima kabla na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Afisa utamaduni wa wilaya kwa ajili ya sanaa, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inagusa igizo pia, si filamu tu, kwa hiyo muulize mapema. Mtendaji na mwenyekiti wa mtaa waalikwe kwa barua, wasisikie kwa spika. Kwenye madhumuni andika mambo yalivyo: maonyesho ya sanaa na mjadala wa haki jinai. Kesi iliyoko mahakamani isijadiliwe kwa jina, na mwendeshaji alitangaze hilo mwanzoni kabisa. Picha za watu zinahitaji ridhaa yao, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Kurusha mubashara usirushe kabisa, na gereza lenyewe usilipige picha hata kwa mbali.

Muda: anzeni saa 10:15, watu wametoka kuswali alasiri, mmalize kabla ya adhana ya magharibi. Hiyo ni kama saa mbili na kidogo, na kila dakika ina mwenyewe. Adui mkubwa wa ratiba ni mgeni rasmi. Ukimpa ufunguzi atazungumza dakika arobaini na kuondoka na nusu ya viti vya mbele. Mpe dakika saba za mwisho, ajibu yaliyosemwa. Atalazimika kukaa asikilize.

Vipaza sauti viwili, kimoja kikae upande wa kina mama na kianzie huko. Kikianzia kwa wanaume hakirudi. Jenereta ya kVA 2 inatosha kwa spika mbili na taa, na petroli lita 3 zinakufikisha mwisho. Iweke mita 20 nyuma, upande upepo unakokwenda, la sivyo mlio wake unaingia kwenye kila sentensi. Kahawa chungu kwa watu sitini, finjani mbili mbili, ni kama lita 7, kwa hiyo mdila mmoja na mkaa wake hautoshi: mwambie muuza kahawa aje na mwenzake, na kashata zije zimekatwa ndogo. Kahawa itolewe baada ya igizo. Ikitolewa mwanzo watu wanakaa mkao wa soga, na kuwaondoa kwenye soga ni kazi.

Baada ya yote, kitambaa usikikunje. Kiviringishe kwenye bomba la plastiki la inchi 4, upande wenye rangi ukiwa nje, ukitanguliza shuka kati ya mizunguko. Ukiviringisha rangi ndani, siku ya kukifungua inapasuka.

Na kuwe na daftari. Liko kwa msaidizi wa kisheria, mkononi mwake, si mezani ambako kila mpita njia anafunua. Watu wenye ndugu mahabusu watamfuata wakati viti vinakusanywa, mmoja mmoja, wakizungumza chini chini. Aandike safu nne: mahakama gani, namba ya kesi, tarehe ya kutajwa tena, na nani atakayekwenda siku hiyo. Jina la kosa si lazima. Wengi watakuja bila namba ya kesi, kwa hiyo waambiwe mapema, kwenye tangazo lile la spika, wapige picha hati ya mashtaka au karatasi yoyote ya dhamana waje nayo kwenye simu. Bila namba, karani wa mahakama hana pa kuanzia.